Kaa Waliopanda Ndege
Mkaguzi wa mahesabu, mtu ambaye ofisini hacheki hata akitekenywa, alirudi kutoka pwani na kaa hai ndani ya boksi. Kwenye ndege aliwapakata na kuwafunika kwa koti lake, mwenyewe akitetemeka kwa baridi. Kila ndege ilipotikisika alipapasa matundu ya hewa ya boksi na kunong'ona, "Poleni." Jirani yake wa kiti akadhani anaambiwa yeye. "Tumeshapoa, ndugu yangu," akajibu. Nyumbani maji yalikuwa yakitokota, na mama mkwe ameshanawa mikono. "Lete niwatose," mkewe akasema. Mkaguzi akalikumbatia boksi. "Waache wapumzike kwanza. Wametoka safari." Mama mkwe akamtazama, kisha akamgeukia bintiye. "Mwanangu," akasema, "kaanga mayai."