Kidonge Alichopewa Msibani

Kidonge cha kwanza mwanangu alipewa mbele ya macho yangu, nami nikashukuru. Mume wake, fundi ujenzi, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa moja Dodoma mjini, katika yale majengo ya ofisi yanayoota kila siku kama uyoga. Tukamzika kwao Chemba. Mwanangu alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo tu kama kifaranga.

Kwetu mfiwa akifika hapo, wanawake husema, "Mpeni kitu apumzike." Hakuna anayeuliza ni kitu gani. Siku hizi kila ukoo una mama mmoja aliyewahi kufanya kazi zahanati, na mkoba wake haukosi pakiti. Yule wa Chemba alitoa kidonge kidogo cha njano, akampa na maji. Haikupita muda mrefu, mwanangu akalala kwenye mkeka katikati ya kelele zote zile.

"Dawa nzuri hii," nilisema mimi mwenyewe.

Tulipoaga, yule mama alimfungia vingine kwenye pindo la khanga, vya kumsogeza mbele.

Majina ya wote waliokaa kwenye mkeka ule ninayo, na ya baba zao pia. Ila mwanangu ameomba nisimtaje, na ukimficha mmoja, haki ni kuwaficha wote.

Arobaini ilipopita akaja kukaa kwangu Mlali na cherehani yake. Alikuwa anashona sare za shule, na mikono yake ilikuwa na sifa. Watu walimletea vitambaa kutoka vijiji vya mbali. Mimi nilifurahi kuwa naye. Alikuwa mpole, hasumbui, halii. Mtu akimpa pole, anajibu "asante" kama anayepokea chenji dukani. Nikasema, huyu Mungu amemtia nguvu. Hata mdogo wangu aliyemlea alipofariki, alikaa msibani macho makavu, anatazama watu wanaolia kama anayetazama mvua inanyesha shamba la jirani.

Ikapita miaka, halafu yakaanza mengine. Anaweka mboga jikoni, anaondoka, mlenda unaungua. Tunamenya karanga, ghafla kichwa kinamwangukia kifuani, karanga zimo mkononi. Akitembea uani anapapasa ukuta. Ukimsimulia jambo asubuhi, jioni analiuliza upya. Majirani wakaanza kusema kwamba yule mjane anakunywa.

Sasa mimi nilisomesha watoto kwa pombe ya mtama. Mlevi namjua kwa unyayo wake, bado sijamwona uso. Nikawa namsogelea mwanangu nikimpa sahani, nanusa. Hakuna kitu. Ulevi upo, harufu haipo. Hilo ndilo lililonitisha.

Siku moja mama mmoja akaingia uani na shati la mtoto wake, amelishika juu kama mtu aliyekamata panya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mwulize fundi wako. Mkono mmoja ameushona umegeuka nyuma. Mwanangu ataingia darasani au atatoka?"

Wanawake waliokuwa wanateka maji bombani wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Mwanangu alilipokea shati, akaligeuza, akalitazama sana. Hakuona kosa. Mama yule naye akaacha kucheka. "Wewe, dada," akamwambia taratibu, "unaumwa?"

Basi nikataka kusaidia. Nilichukua kopo lake la vifungo, nimshonee hata vifungo vya sare zilizochelewa. Macho yangu tayari yalikuwa na ukungu. Nikatoa kifungo cha njano, nikatafuta tundu la kupitisha uzi, tundu hakuna. Nikageuza upande wa pili, hakuna. Kidole kikasikia mstari katikati tu. Nikamwaga kopo lote kwenye ungo. Vifungo vilikuwa vichache kuliko vidonge.

Alipoingia akaona ungo mapajani kwangu, akakaa chini palepale mlangoni.

"Hiyo ni dawa ya hospitali, Mama. Siyo gongo."

"Hospitali ipi? Nani alikuandikia?"

"Bila hivyo silali."

"Tangu lini? Wewe ulikuwa unalala mpaka kuku wanakudonoa miguu!"

Akacheka kidogo, kisha uso ukajikunja. "Nimejaribu kuacha. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, nasikia kama ngozi inatembea. Zamani kimoja kilinitosha usiku. Sasa nakula asubuhi ndipo niweze kushika mkasi, mchana nakula tena. Na havinilazi, Mama. Vinanizuia nisife tu."

Kesho yake nilikwenda duka la dawa pale sokoni, alikokuwa anavinunua. Muuzaji ni binti mmoja mwenye adabu, alinisogezea kigoda.

"Mwanangu, yule fundi mjane, usimuuzie tena vile vya njano," nikamwambia.

"Bibi, wanaokuja kwa hivyo ni wengi. Wapo walimu. Yupo mzee wa kanisa, na heshima zake. Nisipouza mimi, atauza wa kule stendi."

"Kwani havihitaji cheti?"

"Vinahitaji," akasema, akainamisha macho, akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa.

Hapo nilijua kwamba sitamfungia mwanangu njia kwa kuzunguka madukani. Nikalipeleka jambo kwa kiongozi wa akina mama wa maombi, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Alinisikiliza vizuri, akanishika mkono. "Huo ni utumwa," akasema. "Na mtumwa hafunguliwi mguu mmoja. Vitoke vyote, siku moja." Nikaona amesema kweli. Kwa pombe ndivyo tulivyokuwa tunafanya: mume akiamua kuacha, mkewe anavunja mtungi, na kijiji kizima kinashuhudia vigae. Mwanangu naye alikubali. Alikuwa amechoka kuliko sisi sote. Yeye mwenyewe alimimina kopo kwenye moto, tukaimba.

Siku zilizofuata akawa anatetemeka, jasho linamtoka mpaka shuka linakamulika. Mwanga ulimuumiza, akataka mlango ufungwe. Kuku akilia nje, anaziba masikio. Anasema kuna watu wanaongea ndani ya ukuta. Kiongozi wa maombi akasema hizo ni dalili njema. Kinachotoka hakitoki kimya. Wakaja akina mama asubuhi, tukamweka jikoni kwenye joto, kwa kuwa meno yalikuwa yanagongana. Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga. Mimi nilikaa mlangoni kwa sababu ya miguu yangu.

Katikati ya wimbo akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akakakamaa, akaanguka ubavu. Mwili mzima ukarukaruka. Povu likatoka, lina damu.

"Anatoka!" wakapiga vigelegele. "Shetani anatoka!"

Halafu mkono wake wa kulia ukaingia kwenye makaa, na hakuna aliyeutoa.

Lazima nieleze hili kwa wasiotujua. Wanawake wale hawakuwa wabaya. Kwetu mtu akianguka kifafa haguswi. Toka zamani tumeambiwa povu lake na pumzi yake vinaambukiza, na ukimgusa utaanguka wewe na watoto wako. Basi vigelegele vikakatika, wote wakarudi nyuma ukutani, wanamtazama. "Msimguse! Msimguse!" Nilivuka jiko lile kwa magoti. Nilipomvuta, harufu ilikuwa imeshajaa.

Kiongozi wa maombi ndiye aliyekimbia kutafuta gari. Hilo pia nalisema.

Tulianzia Kongwa, wakatupeleka Dodoma. Kila alipofikishwa, waliotusindikiza walisema ana kifafa, na wauguzi wakaandika kifafa. Mwanangu, alipopata fahamu, alinyamaza kwa aibu. Akaanguka tena wodini. Jioni akaja daktari, mwanamke, umri wa wajukuu zangu, akaniamkia, akakaa kitandani miguuni kwa mgonjwa.

"Bibi, kabla ya haya alikuwa anatumia dawa yoyote?"

Mwanangu alinitazama. Macho yale yaliniomba. Nikasema, "Vya njano, vina mstari katikati. Alikuwa anakula kutwa. Tukavichoma."

"Vyote kwa pamoja?"

"Vyote."

Daktari alifumba macho kidogo. Hakutugombeza. Alieleza kwamba dawa ile ni ya siku chache, ukiitumia muda mrefu ubongo unaizoea, unaacha kujituliza wenyewe kwa sababu unajua kuna anayeutuliza. Ukiondoa ghafla, unalipuka. Degedege lile halikuwa pepo, na wengine hufia hapohapo. Kisha akasema jambo lililonifanya nisimame: atamrudishia vidonge.

"Sumu ileile?"

"Ileile, bibi, au ndugu yake. Halafu tutapunguza. Robo kwa robo, na kila hatua tukae mpaka mwili ukubali. Ni miezi. Inaweza kuwa mwaka na zaidi. Na mtu wa kuzishika asiwe yeye."

Nilimwelewa kwa njia yangu. Mama mkwe wangu alikuwa anashika ufunguo wa kilindo, ghala letu la nafaka. Mvua ikionyesha dalili mbaya, alianza kupunguza kibaba mapema, mtama ukiwa bado mwingi, kidogo sana mpaka watoto hawajui. Waliokula kwa shibe mpaka siku ghala lilipokwisha, hao ndio waliozika. Nikamweleza daktari. Akasema, "Hivyohivyo. Ila usikadirie mwenyewe. Mje kliniki nikuambie lini."

Tukarudi Mlali. Vidonge nikavifunga kwenye sanduku langu, ufunguo nikauvaa shingoni. Mkono wake ulipona ukiwa umejikunja. Vidole vitatu vimeshikana na kiganja kama makucha ya ndege aliyelala. Cherehani ikafunikwa.

Watu hudhani kazi kubwa ni ile ya hospitali. Kazi kubwa ni nyumbani. Kila tulipopunguza, siku za kwanza nyumba iligeuka. Alinifuata uani na chooni. "Mama, leo tu." Nikikataa, ananiita askari jela. Siku moja aliniambia, "Wewe mume wako alifia kitandani, ameshikwa mkono. Unajua nini?" Maneno hayo yaliniingia, yamo mpaka leo. Nikamjibu, "Sijui kitu. Kula ugali wako." Nilimkuta mara nyingine anapekua godoro langu. Tulitazamana, akatandika kitanda vizuri, akatoka.

Rafiki yangu wa maombi alipita, akasimama nje ya uzio. "Nasikia mnamlisha tena."

"Ingia umsalimie," nikasema. "Ana mkono mmoja wa kukupa."

Hakuingia. Lakini Jumapili alituma unga wa uwele.

Tulipofika nusu kidonge kwa siku, kilio kikafika. Alikuwa anachambua mboga kwa mkono wa kushoto, akaweka kisu chini.

"Mama," akasema, "kumbe amekufa."

"Nani?"

"Mume wangu."

Nikadhani akili imeruka. Haikuwa hivyo. Kile kidonge cha msibani kilikuwa kimemzuilia habari mlangoni miaka yote hiyo, na sasa ndiyo imeingia. Alilia mpaka majirani wakaja mbio wakiuliza kafa nani. Niliwaambia. Wakaguna, wengine wakaondoka; nani anakuja kulia msiba uliooza? Yule mama wa shati lenye mkono uliogeuka ndiye aliyekaa. Alikaa naye chini mpaka akanyamaza, hakumpa kitu cha kunywa wala cha kumeza.

Tukaenda hivyo, tukafika robo. Daktari akasifu.

Wakati huo macho yangu yalikuwa yamefunga kabisa, mtoto wa jicho, na siku ya upasuaji Dodoma ikawa imepangwa. Hakukuwa na mtu wa kumwachia sanduku. Wanangu wengine wako mbali, na majirani hawashiki kitu hicho. Nikavua ufunguo, nikamwekea mkononi, ule wa kushoto. Safari nzima na kitandani kule, jicho limefungwa bandeji, sikuogopa kisu cha daktari. Niliogopa sanduku langu.

Niliporudi alinipokea njiani. Hata mzigo hajanitua, akasema, "Nimekula vyote, Mama. Ulipoondoka tu. Vilipokwisha nikaenda kwa yule binti, akaniuzia."

Nilimtazama kwa jicho langu jipya. Nilikuwa sijamwona vizuri muda mrefu. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Ningeweza kumpiga. Nikauliza, "Bado unavyo?"

Akavitoa, akanipa.

Kliniki wakatupandisha tena juu, na sasa tumeshuka mpaka nusu. Kwenye nusu tumekaa. Kila tukijaribu kusogea, mtetemeko unarudi. Juzi nilimwambia wazi kwamba mimi ni mzee, sijui kama robo nitaiona.

"Basi nifundishe kuvunja mwenyewe," akasema. "Kwa mkono huu."

Nikampa kimoja. Akakibana kati ya kidole gumba na yale makucha, akakaza meno, akasukuma. Kikakatika vizuri kwenye mstari wake, lakini upande mmoja ukamponyoka ukaruka chini ya kitanda. Na nusu ile ni ya kesho. Tukapiga magoti wote wawili, tukaanza kupapasa vumbi.