Siku Umeme Wetu wa Makaa Uliponuka Mbuzi

Nilikuwa nikisema hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza, na haki ya kusema hivyo nilikuwa nayo, maana mimi nilianza kwa kubeba magunia ya makaa kichwani kule Gitega, shule niliiachia darasa la tatu, na sasa nina baa ya matofali ya kuchoma hapa Kabuga, nenda kaulize. Aibu yenyewe naisimulia mwenyewe kwa sababu wenzangu wanaisimulia vibaya zaidi.

Upande wetu nyaya za serikali hazikufika, kwa hiyo kaya thelathini tulikuwa na ushirika wetu wa umeme na mashine moja ya mazutu, yaani dizeli. Vita vilipofunga barabara ya kaskazini mazutu yakapanda bei, na mimi mwenyekiti nikawashawishi tuiuze, tununue mashine ya makaa (makaa yanaungua ndani ya pipa, gesi yake inapita bombani, inazungusha injini, basi). Mwalimu Agnesi, mtunza hazina wetu, akasema, "Muzee, ile ya mazutu tuibakize. Makaa nayo yakipanda tutakimbilia wapi?"

Nikacheka. Makaa? Mimi? Nikamwambia mbele ya watu wote, "Andika hapo. Gunia likipita faranga mia sita, inayozidi nalipa mimi." Akaandika, nikatia sahihi (sahihi naijua vizuri sana), ya mazutu tukaiuza, ya makaa tukaifunga nyuma ya baa yangu.

Kumbe watu waliokimbia vita wakashuka kutoka kaskazini kwa maelfu, kila mmoja anatafuta cha kupikia, na gunia likafika elfu moja na hamsini. Kila mwezi Agnesi ananidai, kila mwezi namwambia mwezi ujao, mpaka nikachoka, nilichoka kweli, nikaitisha mkutano kwenye baa yangu Jumapili baada ya misa, waione mashine inavyofanya kazi, wanywe bia baridi, halafu wapige kura ya kunifutia ile ahadi.

Asubuhi hiyo ghalani kulikuwa na nusu gunia. Ningenunua jingine, lakini kwa bei ile? Nikasema nusu itatosha.

Haikutosha. Nilikuwa nimesimama na shati langu jeupe, nimefika kwenye maneno "umeme huu ni wa uhakika", maikrofoni ikakata, friji ikanyamaza, na watu wakaangaliana. Nikasema dakika moja tu, nikatoka nyuma na beleshi hadi kwa Kalisti, anayenichomea brosheti, mishikaki ya mbuzi, nikaanza kuchota makaa yake chini ya nyama.

"Patroni, nyama iko mbichi!"

"Watangoja."

Nikayamwaga pipani yalivyo, yakiwaka, yamelowa mafuta ya mbuzi (mtu aliyelala juu ya makaa miaka kumi, na sikufikiria hilo). Injini ikakohoa mara tatu, ikafa. Moshi mzito ukatoka pipani, ukaingia ukumbini, kina mama wakakimbilia nje wamejifunika vitenge puani, nami nikatoka nyuma yao mweusi kama chungu.

Jirani yangu fundi cherehani akapiga kelele, "Muzee, leo umeme iko na harufu ya mbuzi!"

"Na mbuzi yenyewe hatujaila!" mwingine akajibu, na kicheko hicho nadhani walikisikia mpaka Gisimenti.

Agnesi hakucheka. Akafungua kitabu pale pale barabarani, akasoma ahadi yangu neno kwa neno, akauliza nani anataka nisamehewe. Nikaona mikono miwili. Mmoja wangu, umejaa masizi. Wa pili wa mke wangu, nikafurahi, kumbe alikuwa anafukuza moshi.

Sina nguvu ya kubishana tena. Ninachojua sasa ni kwamba umeme wa kaya thelathini hauwekwi juu ya kitu kimoja, hata kama kitu hicho unakijua tangu utotoni, na kwamba sitatia sahihi tena chini ya bei ambayo siipangi mimi. Magunia niliyodaiwa yalikuwa mia mbili na kumi na matatu, kila gunia limezidi mia nne na hamsini. Nililipa kwa miezi tisa, friji nikaiuza, na jumla ilikuwa faranga elfu tisini na tano, mia nane na hamsini.