Siku Mashine Iliponyamaza

Mtaani walimwita binti huyu Msomi, na si kwa kumsifu. Shahada yake ilikuwa sandukuni, na mwenyewe alishinda akishikilia midomo ya magunia kwenye mashine ya mjomba wake ya kusaga nafaka, unga mpaka kwenye kope.

Kampuni moja ya mji mkuu ilipotangaza kazi ya kupokea simu za wateja, ilisema mtu ataifanya akiwa popote, mradi awe na mtandao na chumba tulivu. Popote. Msomi alipita mchujo wote, ukabaki usaili wa video, asubuhi.

Chumba chake na mashine viligawana ukuta.

"Mjomba, naomba uizime kidogo tu."

"Wateja wakija?"

"Waambie warudi baadaye."

"Haya. Ila ukipata mshahara uninunulie masikio mapya. Haya yamekwisha." Akaizima.

Mlango haukuwa na komeo. Msomi akaufunga kwa kamba. Aliyemsaili alikuwa mama mpole, nyuma yake rafu ya vitabu. Msomi, ambaye mbele za watu ulimi humkauka, siku hiyo maneno yalimjia yenyewe.

Alichosahau ni kwamba mashine ile haikuwahi kunyamaza mchana ila kwa msiba.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyetangulia, kanga kichwani, na majirani nyuma yake. Kilio kilikwisha kushika.

"Hakuna aliyekufa, nyie," mjomba alisema mlangoni.

"Usijikaze, kaka. Lia tu."

Kamba ikaachia, wakamwagika chumbani.

"Pole sana," alisema yule mama kwenye skrini. "Mmefiwa? Tunaweza kuahirisha."

Msomi angeweza kuitikia tu. Lakini hakuwahi kujua kudanganya.

"Hapana. Wamedhani hivyo kwa sababu mashine imezimwa."

"Mashine gani?"

Akaeleza.

"Kwa hiyo siku nyingine huwaka?"

"Huwaka."

"Kutwa?"

"Kutwa."

Yule mama akaandika kitu. "Unajieleza vizuri sana, binti. Ukipata chumba tulivu, omba tena."

Skrini ikawa nyeusi. Majirani wakaanza kutoka, macho chini.

"Niwashe?" mjomba aliuliza.

"Washa."

Msomi akajifunga kitambaa chake, akashika mdomo wa gunia.

"Lakini tushukuru, mwanangu," fundi alisema, "hakuna aliyekufa."

Msomi akajibu kitu, ila mashine ilikuwa imeshawaka.