Mguu Niliousingizia

Mume wangu aliposikia kwamba nataka kumkatia mbwa bima, alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Baba yangu Korogwe hana bima," akasema, "akiumwa tunachangishana. Huyu tuliyemwokota juzi ndiye apewe kadi?"

Nilikuwa nimeshachapisha makaratasi ya kampuni tatu kazini na kuyatandaza juu ya meza ya jikoni. Binti yetu alikaa mbele yangu na kalamu ya njano, akipaka kila sentensi iliyotaja jambo lisilolipiwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alisoma yale makaratasi kwa makini kuliko alivyowahi kusoma kitabu chochote cha shule.

Ilikuwa mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi. Tulikuwa tunakaa ghorofa ya kumi na moja katika moja ya majengo marefu ya Barabara ya Dixon, huku ughaibuni, ndege zikitupitia juu kwenda kutua uwanja wa jirani. Mbwa tulimchukua kwenye kituo cha wanyama wasio na wenyewe, dume kubwa la rangi ya kahawia. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu, kwa hiyo lifti ilikuwa mtihani wa kila asubuhi. Kina mama walikusanya mabuibui yao wakasogea ukutani, nami na mbwa tukasogea ukuta wa pili, tukasalimiana kwa adabu zote huku tumebanana, hadi chini.

Kanisani waliniuliza mbwa wa nini ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Nilisema mtoto ameng'ang'ania. Hiyo ni nusu ya kweli. Binti yangu alikuwa anaelewa Kiswahili chote lakini hakizungumzi. Tangu aanze shule, ukimwuliza kwa Kiswahili anakurudishia kwa Kiingereza. Nilishambembeleza, nilishamgombeza, nilishajifanya kiziwi. Mbwa alipokuja nilimfundisha mimi, kwa maneno yangu: kaa, njoo, lala, ngoja, acha. Baada ya majuma machache mbwa hakusikia lugha nyingine, na binti akitaka kumwita ilibidi aseme "njoo". Kisha akaanza kuongeza ya kwake. "Njoo hapa, mchafu wewe." "Umekula nini tena, eti?" Nilikuwa nasimama kwenye ujia, nguo za kufua mkononi, nasikiliza nje ya mlango uliofungwa. Mwanangu alikuwa anazungumza Kiswahili na mbwa. Sikutaka mtu yeyote aiguse hali ile, na bima niliikata kwa sababu hiyo na si nyingine.

Kuchagua kulituchukua jioni tatu. Kampuni ya kwanza ilikuwa rahisi, lakini haikulipia ugonjwa wowote wa kurithi, na kwa mbwa wa umbo lile nyonga na magoti yote huhesabiwa ni urithi. Ya pili ililipia ajali peke yake. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ghali, na ililipia karibu kila kitu isipokuwa usafi wa meno, mambo ya uzazi, na hali yoyote iliyoonyesha dalili kabla ya bima kuanza au katika kipindi cha kusubiri. Kusubiri kwenyewe kulikuwa siku mbili kwa ajali, wiki mbili kwa magonjwa, miezi sita kwa magoti. Halafu ikaja sentensi moja ambayo binti aliipaka njano mara mbili: goti la upande mmoja likishakuwa na dalili, la upande wa pili nalo linahesabiwa hivyo hivyo.

Nilizielewa sentensi hizo, nataka hilo lieleweke. Mimi kazi yangu ilikuwa mapokezi katika kliniki ya meno kule Markham. Mgonjwa akiniambia jino lilianza kumsumbua mwaka jana, naandika, na nikishaandika halifutiki. Nimeona watu wazima wakinyimwa malipo kwa neno walilolitamka huku wanavua koti. Nilikuwa mtu wa mwisho kabisa wa kutarajiwa kufanya nilichokifanya.

Lakini nimelelewa Tanga, na mama ambaye hakukubali hata siku moja kwamba mwanawe ni mzima. Mtu akisema, "Mtoto kanawiri huyu," mama anadakia, "Kanawiri wapi, usiku kucha anakohoa." Nilikuwa sikohoi. Ila sifa ikiachwa hivi hivi juu ya mtoto ni kumwanika kwenye kijicho cha watu, kwa hiyo unaitia kasoro upesi, yoyote ile, ipite. Sisi ni Wakristo, na padri alishalihubiri jambo hilo zaidi ya mara moja. Mama aliitikia amina, akatoka nje, mtu akamsifia mjukuu, mjukuu papo hapo akawa na upele. Nilimcheka mama miaka mingi. Kumbe nilikuwa nimerithi kila kitu.

Mwezi wa pili wa bima tulimpeleka mbwa kuchanjwa. Msaidizi wa daktari, msichana mchangamfu, alipiga magoti sakafuni akamshika mbwa kichwa kwa mikono miwili. Akasema hajaona mbwa mwenye afya hivi wiki nzima. Akasema tuangalie misuli hiyo. Akasema tuangalie anavyosimama, ni kama picha. Alisema yote hayo kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wamekaa na wanyama wao wagonjwa mapajani, na wote wakageuka kumtazama wetu. Mwili ulinisisimka.

"Aa, wapi," nikamwambia kwa Kiingereza. "Mguu wa nyuma wa kushoto unamsumbua. Asubuhi anachechemea."

Hakuwahi kuchechemea. Nilichagua mguu ule kwa sababu ndio uliokuwa karibu na kiti changu. Msichana akasema pole, akachukua kalamu akaandika. Nilimwona akiandika, mimi ambaye kazi yangu ni hiyo hiyo, na nilichosikia moyoni ni nafuu.

Miaka miwili ikapita. Ada ya bima ikakatwa benki kila mwezi, nikaisahau. Mwisho wa majira ya baridi, uwanjani nyuma ya jengo, mbwa alikimbilia donge la theluji alilorushiwa na binti, akateleza kwenye barafu, akalia mara moja. Alirudi kwa miguu mitatu. Daktari alimpapasa, akampiga picha, akasema kano la goti limekatika na dawa yake ni upasuaji. Mbwa mzito kama huyu, alisema, akiachwa hivyo ataelemea mguu uliobaki mpaka nao ukatike, na tukifika hapo tutakuwa na mazungumzo mengine. Sote tulielewa mazungumzo gani: sindano ya kumlaza moja kwa moja. Binti alikuwa amekaa sakafuni, mkono juu ya shingo ya mbwa.

Nilikuwa mtulivu, maana tuna bima. Na mguu wenyewe ulikuwa wa kulia. Ule uongo wangu ulinijia kichwani nikiwa nasaini fomu, nikamshukuru Mungu kwamba nilisema kushoto.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Madai yamekataliwa, hali ilikuwepo ndani ya kipindi cha kusubiri. Wakanakili maneno ya faili: mwenye mbwa anaeleza kwamba anachechemea asubuhi, mguu wa nyuma wa kushoto. Mume wangu akasoma mara mbili.

"Mbona hapa wanaongelea left? Kilichoumia si right?"

Binti alikwenda kwenye droo ya makaratasi, akarudi na mkataba, akauweka mbele yangu umefunguliwa kwenye ile sentensi ya njano.

Niliwapigia simu kesho yake saa ya chakula, nikiwa katika chumba cha kliniki tunamotundika makoti, mlango nimeufunga. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mpole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali. Nikamwambia mbwa hakuwahi kuchechemea.

"Lakini ulimwambia daktari kwamba anachechemea."

"Nilimwambia."

"Kwa nini ulisema, kama haikuwa kweli?"

Nikaanza kueleza. Kwetu, nikasema, mtu akisifia sana kitu chako. Nikasikia jinsi inavyotoka kwa Kiingereza, nikanyamaza, nikaanza upya, nikakwama palepale. Yeye akasubiri. Kisha akaniuliza kwa upole uleule kama ninataka iandikwe kwamba nilitoa maelezo ya uongo kwa daktari, maana simu inarekodiwa na mkataba una kifungu kuhusu maelezo ya uongo. Nilitazama makoti ya wenzangu yaliyoning'inia pande zote. Nikisema nilidanganya, bima yote inaweza kufutwa. Nikisema sikudanganya, mbwa alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Nilisema nitakata rufaa, nikakata simu, nikalia kidogo, nikarudi mezani kuandika maneno ya wagonjwa.

Daktari alituandikia barua ya rufaa, na ilikuwa barua ya mtu mkweli. Alisema siku ile ya chanjo mguu haukuchunguzwa. Hakuweza kusema kwamba ulikuwa mzima, kwa kuwa hakuna aliyeuangalia. Rufaa ikakataliwa, na safari hii wakaongeza kwamba magoti yote mawili hayatalipiwa maisha yake yote. Nikapigia kampuni nyingine, kila moja ikaomba faili kwanza. Nikihama, kila alichowahi kuandikiwa, hadi mafua, kitahesabiwa ni cha zamani. Nikibaki, ninaendelea kulipa.

"Kwa hiyo," mume wangu akasema, "tunamlipia kuanzia kiunoni kwenda mbele."

Alisema kwa kunichekesha. Nikamwambia akanyamaze huko sebuleni.

Kilichonibana zaidi kilikuwa chumbani kwa binti. Mbwa alilala kwenye godoro lake dogo, mguu ameukunja, na hakuitwa njoo kwa kuwa hakutakiwa kutembea. Hakuambiwa kaa wala ngoja. Nilisimama kwenye ujia siku nne mfululizo, sikusikia lugha yoyote.

Siku ya tano niliingia, nikakaa chini, nikamweleza binti kila kitu: msichana wa kliniki, watu waliogeuka, bibi yake wa Tanga na kikohozi changu ambacho hakikuwepo. Nilieleza kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza nilishashindwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameinamia manyoya ya mbwa. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, "Na wanaponisifu mimi kanisani, je?"

"Wakikusifu wewe?"

"Wakisema mimi ni mrefu, au nimefanya vizuri shule. Unawaambia mimi ni mvivu. Unawaambia sisaidii kazi, nina kichwa kigumu." Akamkuna mbwa shingoni. "Nilikuwa nadhani unamaanisha."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake. Miaka yote ile nilikuwa nasimama mlangoni mwa kanisa nikimkinga mwanangu kwa mikono miwili, na yeye amesimama kando yangu, anaelewa kila neno, analiandika moyoni. Niliona aibu ambayo sikuiona hata kwenye simu ya bima. Nikamwambia sikumaanisha hata moja. Nikamwambia nilikuwa naogopa wasije wakaniharibia mwanangu kwa kijicho chao. Hakuniambia nitoke.

Upasuaji tuliulipia kwa nauli tuliyokuwa tumeiweka ya kwenda Tanga Krismasi iliyokuwa inakuja. Nilipompigia mama kumwambia hatuji, niliogopa kumtajia mbwa, nikasema kazi zimebana. Akauliza mjukuu hajambo. Nikasema hajambo, mzima kabisa, anafanya vizuri sana shuleni. Mama akaniuliza kama naumwa.

Majira ya joto tulimrudisha mbwa kwa ukaguzi wa mwisho. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta bila kuyumba, na msichana ni yuleyule. Akatoka nyuma ya kaunta, akapiga magoti palepale.

"Amepona ajabu," akasema kwa sauti. "Angalieni anavyokanyaga. Mbwa mzuri sana huyu."

Watu wakageuka. Nilihisi mdomo wangu unafunguka na kasoro imeshafika kwenye ulimi, sikio safari hii, nadhani, au macho. Binti akanishika kiwiko.

"Yes," akamwambia yule msichana, taratibu, kama mtu anayesomea mwandishi imla. "He's completely fine. Nothing is wrong with him."

Msichana akaandika.

Tulitoka hadi kwenye maegesho. Binti akamsaidia mbwa kupanda kiti cha nyuma, akapanda naye. Mimi nilishakaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, nikamwona kwenye kioo akiinama hadi kwenye sikio la mbwa.

"Usimsikilize yule," akamnong'oneza kwa Kiswahili. "Wewe mbaya. Mbaya sana. Miguu imepinda, unanuka, nani atakutaka?"

Sikuwasha gari. Akainua kichwa, macho yetu yakakutana kwenye kioo.

"Na mimi, mama?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Wewe," nikamwambia kwenye kioo. "Wewe ndiye mbaya kuliko wote."