Cherehani ya Ochanda

Benta Aketch aliomba aingizwe nyumbani kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ametoka hospitalini, titi moja limeondolewa, nywele zimepukutika, lakini hayo yote hayakumtisha kama ile baraza ya mbele. Hapo ndipo cherehani ya mumewe, Ochanda, ilipokaa miaka kumi na minane ikishona sare za nusu ya watoto wa Mosocho. Moyoni alijua imeuzwa. Mbona isiuzwe? Mtu akilala kitandani muda mrefu, lazima kitu kitoke nyumbani: leo ng'ombe, kesho kipande cha shamba.

Na kosa alilijua ni lake. Mwaka juzi Nyanchama, mwenzake wa kwaya anayeuza bima, alikuja kuwaeleza: ukipatikana na ugonjwa mkubwa, kampuni inakupa pesa mkononi, ujitibu, ulipe karo, upone bila kuuza kitu. Benta alimtimua. "Ugonjwa ukiuita kwa jina, utaitika," alisema, akamkataza Ochanda kutia sahihi. Jamani, mwanamke huyu na mdomo wake! Hata soko la samaki lilimwogopa. Sasa mdomo ulikuwa umeponza kichwa.

Ochanda alimlaza, akamfunika miguu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Lewis," Benta alisema, "ulimuuzia nani?"

"Nini?"

"Usinifiche. Cherehani."

Ochanda aliitazama mikono yake. "Mama Lewis, nilikudanganya. Ile karatasi ya Nyanchama nilitia sahihi. Kila mwezi nikilipa, wewe nakuambia vifungo vimepanda bei. Ndizo pesa zilizokutibu."

Benta alitaka kukasirika, akakosa nguvu.

"Mama yangu alipougua tuliuza ng'ombe wake," Ochanda aliendelea. "Alikuwa amelala kama wewe sasa. Alimsikia ng'ombe akilia njiani mpaka sauti ikapotea. Tangu siku hiyo hakugusa chakula. Alisema amekula cha watoto wake. Nikaapa wewe hutasikia kitu kikitoka nyumba hii."

Akainuka, akaenda mbele, akaurudisha mlango ili mgonjwa apumzike. Benta alitega sikio. Mara cherehani ikaanza, kelele ile ile aliyoilalamikia tangu aolewe, na machozi yakamtoka, hakuyazuia.

"Baba Lewis."

Cherehani ikanyamaza. "Inakusumbua?"

"Fungua mlango," alisema Benta. "Halafu ushone."