Mkono wa Yaya

Njia yetu ya maji iligharimu jino moja la askari, kioo cha gari la komanda, na mkono wa kuume wa yaya, dada yangu mkubwa. Nimepiga hesabu mara mbili, na bado nasema tuliipata kwa bei ya chini. Nakuambia haya kwa sababu juma lililopita yaya alikuja kutoka Marabo, akaketi penye meza yangu sokoni, kati ya samaki wadogo wa fretini na sabuni, akaniuliza jambo ambalo mpaka leo sijalijibu.

Mkono wenyewe ulivunjikia Bogoro, kwenye kiwiko, ng'ombe wa tate alipombana zizini. Tate ndiye mama wa mama yetu. Muzee mmoja mwenye kuunga mifupa aliufunga kwa vijiti, umenyooka kama mpini wa jembe, akaahidi kurudi kuufungua. Kabla hajarudi, vita ilifika. Tulikimbilia Bunia na mkono ukiwa umefungwa, na tate akakataza mtu yeyote kuugusa.

"Mwenye alifunga njo atafungua."

Yule muzee hatukumwona tena. Vijiti vilipotolewa hatimaye, mkono ulikuwa umeshazoea kunyooka. Yaya akala bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono wa kushoto, na kila alipokula, tate aliangalia pembeni.

Tuliishi chini ya turubai, kando ya kambi ya askari wa kofia za buluu. Walitoka Asia, watu wapole, chai yao ilinukia iliki mpaka kwetu. Lakini chemchemi ilikuwa nyuma ya kiwanja chao, na kiwanja walikizungushia waya. Mama zetu walizunguka kwa barabara kubwa, penye baryeri, kizuizi cha vijana wenye bunduki. Bidon zao za maji zilibaki pale, na mara nyingine msichana alibaki pamoja na bidon yake. Wakienda walihesabiana, wakirudi walihesabiana.

Jioni askari walicheza kriketi. Mmoja anarusha mpira mwekundu, mgumu kama jiwe, mwingine analinda vijiti vitatu kwa ubao. Mwenye kurusha haruhusiwi kukunja na kunyoosha kiwiko. Mpira ukivuka waya, siye watoto tuliurudisha, viwiko vimekunjika, na askari wakacheka.

Siku moja aliurudisha yaya. Mkono ukapita juu ya sikio, mpira ukapiga udongo, ukaruka, ukavunja kioo cha gari la komanda. Hakuna aliyecheka. Kapiteni akaja, akakipapasa kile kiwiko kama mtu anayechagua muhogo. Jirani yetu, mkalimani wao, akatafsiri:

"Anasema huu mukono, Mungu aliutengeneza kwa hii muchezo."

"Umwambie Mungu hakukuwa pale," tate akajibu. "Ilikuwa ng'ombe."

Tangu hapo wakawa wanamwita kila jioni awarushie mpira. Wanaume waliokunywa chai huku risasi zikilia mlimani walivaa kofia za chuma kwa ajili ya yaya wangu. Yule aliyepoteza jino kwa mpira wake alilifunga kwenye kitambaa, akawa analionyesha wageni kama medali. Mimi nilitembea kambini kama mwenye kambi.

Ni kapiteni tu ambaye vijiti vyake havikuanguka. Jioni moja akatamka kwamba yaya akiviangusha, atatupa katoni ya biskuti. Nilikuwa na miaka tisa. Nikasema, "Biskuti hapana. Njia."

Jirani akanikazia macho. "Weye mutoto, unajua unaomba nini?"

"Umwambie tu. Bamama wapite mu kiwanja na mabidon yao, asubuhi na jioni."

Kapiteni akafikiri, akanionyesha vidole vitatu: mipira mitatu. Nikamwonyesha kumi. Tukakubaliana sita. Baadaye nilijua kwamba katika mchezo wao sita ndiyo kawaida, hakunipunguzia kitu.

Mama zetu walijipanga kwenye waya na bidon tupu. Mpira wa kwanza wa yaya kapiteni aliupiga ukapotea upande wa uwanja wa ndege. Wa pili na wa tatu aliizuia. Wa nne ulimpitia karibu na pua, na hapo akaomba kofia ya chuma. Wa tano ulipiga udongo mbele ya viatu vyake, ukapenya chini ya ubao, na kijiti cha katikati kikalala. Mama zetu wakapiga bidon kama ngoma. Kapiteni akaweka ubao chini, akaenda mwenyewe kuufungua waya.

Nikamdai wa sita, maana mapatano ni mapatano. Akanipa mpira wenyewe. Uko hapa mezani, unazuia sashe zangu za plastiki zisipeperuke.

Kambi haipo tena. Chemchemi imefunikwa na ukuta wa mtu. Njia imekuwa mtaa, na watoto wake hawajui kwa nini unakata kiwanja mshazari.

Sasa daktari mmoja amemwambia yaya anaweza kukifungua kiwiko, mkono ukunjike. Anatamani kufunga kitambaa chake kichwani kwa mikono miwili.

"Waupasue ao niuache?" aliniuliza. "Weye njo unajuaga bei. Nitafanya vile utasema."

Hapa Bunia hakuna kitu ambacho sijakipunguzia bei. Huu mkono unanishinda, na tate hayupo wa kuulizwa. Ungekuwa weye, ungemwambia nini?