Ferdi, Niliyemzika Mtandaoni Akiwa Hai

Akili yangu bado inakataa, jamani. Nikipita fasi ya kibanda chake mkono unajiinua wenyewe kumsalimia. Ferdi wetu wa chaji, hapa Base Camp, Nakivale, amekufa. Na najua wengi mtasema, "Furaha, si ulishatuambia?" Ndiyo. Nilisema. Ngojeni nieleze.

Kwa mlio mbali: Nakivale ni kambi ya wakimbizi huku Uganda. Ferdi alikuwa Mrundi, mimi Mkongomani, na meza yangu ya vitenge ilipakana na kibanda chake. Alichaji simu za watu. Lakini kazi yake ya kweli ilikuwa kutafuta waliopotea.

Ukileta simu, anakuuliza, "Nani alikupotea njiani?" Anakupiga picha, anaandika jina lako, la baba yako, la kilima chenu, yaani kijiji, anarusha kwenye magrupu ya mtandaoni. Bure kabisa.

Mama Shukuru wa nyanya alimtafuta dada yake miaka kumi na moja. Picha ikazunguka hadi Kanada. Dada alikuwa Ngarama, hapo tu, mwendo wa boda! Siku walipoonana waligusana nyuso kama watu wanaochagua kitambaa.

Mimi nilikuwa nasema internet ni ugonjwa. Uongo, matusi, wezi. Yeye ananionyesha picha ya wale dada wawili, anacheka: "Dada Furaha, hebu sema tena."

Ila kuna mzee mmoja, kijana tapeli alimwona kwenye picha za Ferdi, akampigia, akajifanya mwanawe. Wiki nzima mzee anaitwa "papa" na mtu asiyemjua. Uongo ulipojulikana, Ferdi hakufungua kibanda siku mbili. Nikamuuliza, sasa mema na mabaya ya internet, yapi mengi? Akasema, "Sijui. Yule mzee anasema ile wiki ndiyo alilala vizuri."

Mwezi uliopita figo zikamlemea, akapelekwa hospitali Mbarara. Jumanne, mke wake Consolata akaweka picha ya Ferdi kwenye status. Picha tu, bila neno.

Huku kwetu mnajua maana yake. Mtu akiweka picha ya mtu bila neno, hamuulizi tena. Na mimi sikuuliza. Nikachukua picha ile ile, nikaipamba kwa mshumaa, nikaandika R.I.P., nikarusha kwenye grupu la wafanyabiashara na kwenye ukurasa huu. Nilitaka niwe wa kwanza, ukweli ndio huo. Wa kwanza! Pole zikamiminika.

Halafu, juu kabisa kwenye grupu, nikaona: Ferdi anaandika…

Ikakatika. Ikarudi. Ferdi anaandika…

"Furaha, niko hapa. Consolata alitaka muniombee tu. Naona mumenilia vizuri."

Alizisoma zote. Consolata anasema alianza na ya kwanza, akaenda polepole hadi mwisho, na nyingine akazirudia. Hajji Sulaiti, aliyekuwa anamuuzia chaja kule Mbarara mjini, akaingia wodini na sukari ya msiba mkononi. "Eh! Mimi nakuja kuona mjane, kumbe wewe iko nakunywa uji?" Wodi nzima ikacheka.

Nilipofika kuomba msamaha, Ferdi alinishika mkono. "Kwangu si kitu. Lakini mama yangu kule Rumonge aliona, akaanguka. Nimempigia. Nimemwambia asiamini tena kitu cha kwenye simu kama si mimi naandika."

Ijumaa akafa kweli.

Nilimpigia Hajji kumpa habari. Akasema, "Hapana, mama. Wewe nilishakuamini mara moja." Makaburini tulikuwa wachache, na baadhi walinitazama mimi kuliko sanduku.

Mama yake naye alikataa. Tukampigia katekista wa kilima chake aende akaketi naye, amwambie kwa mdomo, kama inavyotakiwa. Mama akamnyooshea simu: jina la Ferdi, na nukta ya kijani pembeni, alama kwamba yuko mtandaoni. "Huyu hapa. Si unamuona?" Akatuma sauti: "Mwanangu, andika neno moja tu, kama siku ile."

Simu ya Ferdi ilikuwa kwa Consolata. Hakuizima, kwa sababu watu bado wanajibu kuhusu ndugu zao. Aliposikia ile sauti akanikabidhi mimi. "Wewe ndiye ulianza," alisema.

Sikudanganyi, msomaji. Niliandika "Mama". Nilitaka kumtumia, apate hata siku moja nyingine ya kuwa na mwanawe. Nikiwa bado nafikiri, katekista akapiga kwenye simu yangu, na nyuma yake nikamsikia yule bibi, mama wa Ferdi, anapiga vigelegele: "Anaandika! Anaandika!"

Ee Mungu wangu. Nikafuta. Nikaizima ile simu, na sikukata laini ya katekista. Vigelegele viliendelea kidogo. Halafu bibi akauliza kwa nini kijani kimepotea. Akauliza tena, polepole, halafu akalitaja jina lote la mwanawe, lile la ubatizo, na kilio kikaanza. Nilisikiliza hadi salio la katekista likaisha.

Kama mema yamezidi mabaya mimi sijui, musiniulize. Picha za watu wake nimezihamishia kwenye simu yangu. Mwenye ndugu aliyepotea aje mezani kwangu, penye vitenge.

Ferdi, leo ni siku ya tisa, na mama yako ameshajua kwa mdomo wa mtu. Ndiyo maana naandika sasa. Safari hii sikuwa wa kwanza.

Lala kabisa, ndugu yangu. Lala salama.